Chupa ya Kyavinyonge

Mwaka tulipopata diplome, sisi masomo sita tulichanga franka, tukanunua chupa moja ya divai Butembo. Tulipatana: itafunguliwa siku tutakutana wote. Wengine wakaenda kuvua kwenye Ziwa Édouard, wengine tukafuata dhahabu Manguredjipa.

Miaka zaidi ya 20 ikapita. Mwezi uliopita tulikutana Kyavinyonge, lakini tulikuwa watano. Wa sita alibaki ndani ya shimo lililobomoka.

Tukafungua chupa. Siki tupu! Kule Ufaransa divai inalala kwenye kave, gizani, baridi ya digri 12 hivi. Yetu ilisimama chini ya mabati, kizibo kikakauka. Tulicheka. Kasikisi ikaletwa, ile ya ndizi na mtama, pamoja na tilapia. Yenyewe haingoje miaka: siku chache tu, inanywewa na watu.

Mjane wa mwenzetu alikuwa pale. Akasema pole pole: « Bashemeji, mlichunga divai miaka hii yote. Watoto wangu, nani aliwachunga? »

Hakuna aliyejibu. Kikombe kikazunguka kofia ikifuata nyuma yake, kila mtu akatia kitu. Ndiyo minerval ya mwaka huu. Ya mwaka kesho tumeandika kwenye daftari, na majina yetu.

Ndugu wachimbaji, likirimba yenu iko na ukurasa wa wajane? Muuandike leo, mbele ya kushuka shimoni.