Chakula Hakichomwi Kama Kuni: Kufundisha Jinsi Seli Zinavyopata Nishati

Katika mazoezi ya kufundisha tunayoyakagua, maelezo tunayoyasikia mara kwa mara juu ya nishati ya mwili ni haya: chakula huchomwa mwilini kama kuni jikoni, na hapo ndipo tunapopata nguvu. Maelezo haya hayastahili kutupwa yote. Sehemu kubwa ya kuni, sawa na wanga wa ugali, imejengwa kwa glukosi, yaani sukari ndogo ndogo zilizoungana. Kuni zikiwaka hutumia oksijeni, na hutoa kabonidayoksaidi na mvuke wa maji. Seli nazo hufanya vivyo hivyo. Mtoto akiuliza moshi wa chakula unatokea wapi, twaweza kumjibu bila kusitasita kwamba umo katika pumzi anayoitoa.

Lakini mtoto mwerevu hataishia hapo. Atauliza pia: moto wenyewe uko wapi? Mwili una joto la nyuzi 37 tu za Selisiasi, na kwa joto hilo hata karatasi haiwezi kushika moto. Hili ndilo swali ambalo ulinganisho wa kuni hauwezi kulijibu, na mwalimu asiyejiandaa hulikwepa kwa kusema kwamba mambo hayo yatafundishwa sekondari. Jibu lake lina neno moja, nalo ni vimeng'enya.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kutumika na kwisha. Kila kimoja kina umbo lake, na hushika kitu kinacholingana na umbo hilo. Ndiyo sababu kimeng'enya cha wanga hakigusi mafuta. Kwa msaada wake, badiliko ambalo lingehitaji joto kali hutendeka katika joto la kawaida la mwili. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira, akakamua maji yake yasiyo na seli hai hata moja, na maji hayo yakaendelea kuchachusha sukari. Kumbe kilichofanya kazi kilikuwa kitu kilichomo ndani ya seli, si uhai fulani usioelezeka. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda Ujerumani kutafuta mfano. Mpishi wa togwa hupika uji mzito, huuacha upoe hadi uwe vuguvugu, kisha hutia unga wa kimea cha ulezi. Baada ya muda uji huwa mwepesi na mtamu ingawa haukutiwa sukari. Mbegu ya ulezi inapoota hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga ili chipukizi lipate chakula; mpishi huazima kimeng'enya hicho. Mbona hakitii kimea katika chungu kinachochemka? Kwa kuwa joto la kuchemka huharibu umbo la kimeng'enya, na kikipoteza umbo hakifanyi kazi tena. Somo zima la vimeng'enya limo ndani ya chungu hicho, na wanafunzi wengi wamekwisha kulionja.

Sasa tuingie ndani ya seli. Glukosi haivunjwi kwa pigo moja. Katika majimaji ya seli hupitia hatua kumi, kila hatua na kimeng'enya chake, hadi ikawa vipande viwili vya piruvati. Oksijeni haihitajiki hapa. Hamira ikikosa hewa huishia hapo na kutoa alkoholi. Misuli ya mkimbiaji anayekwenda mbio sana hutoa asidi ya laktiki. Hewa ikiwapo, piruvati huingia katika mitokondria, ambamo mzunguko uliofafanuliwa na Hans Krebs mwaka 1937 huiambua kaboni yote na kuitoa kama kabonidayoksaidi. Elektroni zilizotokana na kazi hiyo hupokezwa kutoka mkono hadi mkono, mpaka zinapofika kwa oksijeni na maji yakafanyika.

Katika safari hiyo sehemu ya nishati huhifadhiwa katika adenosini trifosfati, ambayo kwa kifupi huitwa ATP. Iliyobaki hutoka kama joto. Glukosi ni kama noti kubwa ambayo muuza maandazi hana chenji yake, na ATP ndiyo sarafu za kutumia. Glukosi moja hutoa ATP zipatazo 30 hadi 32. Vitabu vya zamani huandika 36 au 38. Tofauti hiyo isiwatie wasiwasi, kwani hesabu imesahihishwa.

Tatizo jingine ni la lugha. Neno kupumua hutumika kwa kazi ya mapafu na pia kwa kazi hii ya seli, na wanafunzi huchanganya mambo mawili. Tunashauri kusema "kuvuta na kutoa pumzi" kwa mapafu, na "upumuaji wa seli" kwa hili la pili. Tofauti hii si ya maneno matupu. Muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri huweza kuleta sumu ya sianidi, ambayo huzuia kimeng'enya cha mwisho kabisa, kile kinachoikabidhi oksijeni elektroni. Mgonjwa huvuta pumzi, oksijeni imo katika damu yake, lakini seli haziwezi kuitumia. Na wanaouchuna na kuuloweka muhogo huo au kuukuna hutegemea kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe, kinachoifungua sumu hiyo ipotelee majini na hewani. Ukichemshwa haraka ukiwa vipande vikubwa, kimeng'enya hufa na asili ya sumu hubaki.

Kwa jaribio la darasani tumieni chupa mbili za chai. Lowekeni maharage siku nzima, kisha chemsheni nusu yake na kuyapoza. Yasafisheni yote kwa maji yenye dawa kidogo ya kuua vijidudu. Jazeni kila chupa, tieni kipimajoto, na zibeni kwa pamba ili hewa ipite. Someni joto asubuhi na jioni kwa siku tatu. Chupa ya maharage yanayoota itapata joto bila moto wowote, na iliyochemshwa itabaki kama hewa ya chumba. Jaribio likiachwa siku nyingi zaidi, hata hii ya pili huanza kupata joto. Mwalimu asifadhaike wala asiifiche: awaulize wanafunzi ni nani anayeishi humo, kisha aifungue wainuse.