Blokucheni Inashuhudia Tarehe, Haithibitishi Ukweli

Hati ya kompyuta huweza kubadilishwa bila kuacha alama. Utathibitishaje basi iliandikwa lini? Stuart Haber na Scott Stornetta, watafiti wa Bellcore nchini Marekani, walilijibu swali hilo mwaka 1991. Faili hupitishwa kwenye hesabu inayotoa msimbo mfupi uitwao heshi. Ukigusa hata nukta moja, heshi inakuwa nyingine kabisa. Kisha heshi huunganishwa, kila moja ikibeba alama ya iliyoitangulia, hivyo anayeghushi ya katikati huvuruga zote zinazofuata. Kuanzia 1995, kampuni yao, Surety, ilichapisha heshi kila wiki katika matangazo madogo ya New York Times. Waraka ulioitambulisha Bitcoin, sarafu ya kidijitali, mwaka 2008 ulitaja kazi zao miongoni mwa marejeo yake; mnyororo wa namna hiyo ndio unaoitwa blokucheni.

Kwa wanazuoni, faida kubwa ya blokucheni iko hapa. Mtafiti anayejaribu dawa huandika mpango: wagonjwa wangapi, mafanikio yapimwe vipi. Akisajili heshi ya mpango huo kwenye blokucheni kabla ya kukusanya data, matokeo yakija hawezi kugeuza kipimo kimyakimya ili yapendeze. Siri yake nayo inabaki salama, kwa kuwa heshi haifichui yaliyomo.

Lakini tusiipe blokucheni sifa isiyo yake. Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa UVIKO-19, uliotegemea data ya kampuni ya Surgisphere. Juni makala hiyo iliondolewa, baada ya wakaguzi huru kunyimwa data kamili. Heshi ingeonyesha kwamba faili halijabadilika tangu lisajiliwe. Isingeonyesha kama wagonjwa hao walikuwepo.

Tahadhari hiyo inafaa pia katika kupanga maandishi mtandaoni. Steemit, jukwaa la blokucheni lililoanza 2016, liliwaachia wasomaji wapige kura kuamua andiko lipi lipande juu na mwandishi alipwe kiasi gani. Ila uzito wa kura ulifuata wingi wa sarafu za mpigaji, na mwenye nazo nyingi akasikika zaidi. Maarifa yakipangwa hivyo, hoja nzuri ya msomi asiye na fedha itazama.

Kwa hiyo vyuo na majarida yetu yaitumie blokucheni kutunza tarehe za mipango ya utafiti na data. Kuhusu ukweli wenyewe, yawalipe wahakiki wenye muda wa kuifungua data hiyo na kuikagua.