UZI: Upange mjini au uvuke chai? Swali la nyumba Kericho na Bomet

1/ Kila msimu wa siasa huku kwetu, hoja mbili lazima zisikike jukwaani. Mmoja anasema mji upanuliwe. Mwingine anasema mji utameza mashamba. Wote wanapigiwa makofi, saa zingine na watu walewale. Nasomea sayansi ya siasa, kwa hivyo ebu nijaribu kufafanua. Sitaji mtu wala chama.

2/ Swali la nyumbani ni hili: kama kazi yako iko Kericho mjini, upange mjini, ama ukakae Kapsoit, Chepseon au Litein uwe unakuja na matatu? Wengi husema ni mfuko wako tu ndio utaamua. Mfuko upo, lakini kuna mambo yaliyoamuliwa kabla hujazaliwa.

3/ Anza na ramani. Miji mingi hutambaa: nyumba, kando yake nyumba, kando yake nyumba nyingine. Kericho haiwezi. Ukitoka mjini pande nyingi unapokelewa na chai ya kampuni hadi macho yachoke. Huwezi kununua ploti hapo katikati. Ndiyo maana viunga vyetu haviko ukingoni mwa mji. Viko ng'ambo ya chai.

4/ Hii haikutokea tu. Wakoloni waliwaondoa watu ili kupisha walowezi na mashamba makubwa. Ukoo wa Talai ulitungiwa sheria yake peke yake mwaka 1934, ukahamishiwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria. Kati ya waliorudi, kuna familia ambazo hadi leo zimebanana Kericho mjini. Katiba ya 2010 iliweka kikomo cha miaka 99 kwa asiye raia kukodi ardhi, kwa hivyo ile mikataba ya miaka 999 ikafupishwa. Lakini kufupisha mkataba si kugawa ploti. Shamba bado lina mwenyewe.

5/ Matokeo yake? Ardhi ya kujenga mjini ni kidogo. Wenye kipato cha chini wanasongamana mitaa kama Nyagacho. Na kuna kundi tunalosahau: wafanyakazi wa chai wanaokaa nyumba za kampuni. Kazi ikiisha, iwe ni kustaafu ama mashine ya kuchuma imechukua nafasi, nyumba nayo imekwisha. Huyo anatafuta pa kuishi akiwa hana mshahara.

6/ Sasa hesabu. Huu ni mfano tu, weka bei zako. Chumba mjini 9,000, nje 5,000. Umeokoa 4,000. Nauli 80 kwenda, 80 kurudi, siku 26: 4,160. Umerudi palepale, na hujahesabu boda ya usiku mvua ikinyesha, na Kericho mvua haiombi ruhusa. Kama mko wawili mnaosafiri kila siku, nje ni ghali kuliko mjini.

7/ Lakini badilisha familia uone. Mmoja anafanya kazi mjini, mwingine ana duka pale pale Kapsoit, watoto wanatembea hadi shule, nyuma ya nyumba kuna sukuma na ng'ombe mmoja. Hapo nje inashinda. Kwa hivyo anayekwambia "mjini ni bora" ama "nje ni bora" bila kuuliza nani anasafiri na mara ngapi, anakuuzia maneno.

8/ Na si kila huduma iko mjini. Angalia Bomet. Hospitali mbili kubwa, Longisa na Tenwek, zote ziko nje ya Bomet mjini. Mgonjwa wa mjini ndiye anapanda gari kwenda nje. Tena huko, tofauti na Kericho, mji umepakana sana na mashamba ya familia, kwa hivyo unaweza kutambaa. Swali linakuwa lingine: unatambaa juu ya shamba la nani?

9/ Hapo ndipo siasa inauma. Eka moja ukiikata ploti za 50 kwa 100 unapata kama nane, na bado hujaacha njia. Mkulima mdogo mwenye majani chai anaangalia malipo ya mwezi na bonasi, kisha anaangalia bei ya ploti. Akiuza, simlaumu. Karo haisubiri. Lakini pesa ya ploti inalipwa mara moja, na mti wa chai ungechumwa miaka na miaka. Mtoto wake ndiye atakuwa mpangaji kesho.

10/ Kuna kinga kiasi. Sheria ya udhibiti wa ardhi inataka shamba la kilimo lisiuzwe wala kugawanywa bila idhini ya bodi ya ardhi. Bila idhini, mauzo ni batili. Katika maisha ya kawaida, mbele ya bodi hiyo ndipo mke au watoto hupata nafasi ya kusema "hatukubali". Sasa shika hili: kwa kawaida sheria hiyo haihusu ardhi iliyo ndani ya manispaa. Kwa hivyo mpaka wa mji ukisogezwa, ule mlango ambao familia ilikuwa inabisha unaweza kufungwa.

11/ Je, mji usipanuliwe basi? Ngoja. Ukibaki nje ya mpaka, ploti zinakatwa vivyo hivyo, ila hakuna anayepanga. Kila mtu anachimba kisima chake na choo chake, na wakati mwingine hatua chache tu kati ya hivyo viwili. Barabara ni ile njia jirani aliyokubali kuacha. Baada ya miaka kumi mtaa umejaa na gari la zimamoto halipiti.

12/ Ukiingizwa ndani, tarajia kodi ya ardhi. Katiba, kifungu cha 209, inaipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali isiyohamishika. Kwa hivyo ahadi ya "tutapanua mji na hamtalipa chochote" ichunguze vizuri. Na ahadi ya "mtalipa lakini huduma baadaye" ikatae.

13/ Nani anawajibika? Mipango ya miji, maji, taka, taa za barabarani, barabara za kaunti na chekechea: kaunti. Barabara kuu, shule za msingi na sekondari: serikali ya kitaifa. Mtu anayegombea wadi akikuahidi barabara kuu ya Kisumu, mpe maji anywe.

14/ Watu wa Nairobi wana shida ambayo sisi hatuna. Mtu analala Rongai au Kitengela, ambayo ni Kajiado, na anafanya kazi Nairobi. Kaunti anayoipa jasho lake siyo inayomchotea maji. Wewe wa Kapsoit na bosi wako wa mjini mko kaunti moja. Hakuna kusukumiana. Tumia hiyo nafasi.

15/ Msimamo wangu: mpaka usogezwe pale ambapo ploti tayari zimejaa, na mabomba yafike kabla ya bili. Pale chai ya familia bado imesimama, bodi ya ardhi ibaki na kazi yake. Na mjini, kaunti ikubali nyumba za ghorofa zenye bei ya mtu wa kawaida, maana ardhi haiongezeki.

16/ Wakiitisha kikao cha maoni, nenda na maswali manne: Mpaka mpya unapita wapi hasa? Nitalipa kiasi gani, kuanzia lini? Maji yanafika mwaka gani? Familia ikipinga mauzo, itasikizwa wapi? Akijibu mawili tu, muombe arudi na mengine. Kikao kiandikwe, na uweke jina lako kwenye karatasi ya mahudhurio.