AMRI, AKILI NA DHAMIRI: URITHI WA WASOMI WAKATOLIKI NA KAZI YA ASKARI

Amri ni uti wa mgongo wa jeshi na wa polisi. Pasipo utii, kikosi hugeuka kundi la watu wenye bunduki, na raia hukosa pa kukimbilia. Hilo kila askari hulijua tangu siku zake za ukuruta. Lakini liko swali ambalo gwaride peke yake haliwezi kulijibu: askari akiisha kupewa amri, akili yake na dhamiri yake zimebakiwa na kazi gani?

Makala haya yanaeleza jinsi wasomi wa Kanisa Katoliki walivyolijibu swali hilo, jinsi jibu lao lilivyofika katika vilima vya Kampala, na jinsi mtu mmoja aliyepata kuwa askari alivyolilipia kwa uhai wake. Shabaha yetu si kumtoa msomaji katika dini yake. Mwislamu, Mprotestanti na Mkatoliki huvaa sare moja na huilinda nchi moja.

CHIMBUKO LA FIKRA

Augustino alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Aljeria. Alibobea katika elimu ya ufasaha kabla ya kubatizwa, na baadaye akawa askofu wa mji wa Hippo. Miongoni mwa barua zake iko moja aliyompelekea Bonifasi, jemadari wa Kirumi. Alimwambia asidhani kwamba mwenye kuchukua silaha hawezi kumpendeza Mungu. Aweza, ila shabaha ya vita na iwe amani, ahadi itimizwe hata kwa adui, na aliyekwisha kutekwa aonewe huruma.

Karne nyingi baadaye alitokea Thoma wa Akwino (1225–1274), mzaliwa wa Italia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Paris. Thoma hakuona haya kujifunza kwa wasio wa dini yake. Alisoma vitabu vya Aristotle, Myunani, na pia vya wanazuoni wa Kiislamu, Ibn Sina na Ibn Rushd. Alifundisha kwamba sheria ni kazi ya akili, si ya ubabe: sharti ilenge manufaa ya wote, itolewe na mwenye dhamana ya jamii, tena itangazwe ijulikane. Amri inayokwenda kinyume cha haki ina sura ya sheria tu, lakini sheria yenyewe haimo ndani yake.

Mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyathibitisha mafundisho hayo kwa dunia ya leo. Ulisema kwamba askari anayeilinda nchi yake kwa uaminifu ni mtumishi wa amani. Papo hapo ulitamka kuwa utii wa kipofu haumwondolei hatia mtu anayetekeleza amri ya kuangamiza watu, na ukawasifu wanaothubutu kuikataa.

KATIKA VILIMA VYA KAMPALA

Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, pamoja na Bruda Amans walitia nanga Entebbe tarehe 17 Februari 1879, zama za Kabaka Mutesa wa Kwanza. Miaka saba haikutimia kabla mafundisho yao hayajajaribiwa. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkuu wa kasri, alimkabili Kabaka Mwanga kwa sababu ya kuuawa kwa Askofu Hannington. Hannington alikuwa Mwanglikana, naye Balikuddembe alikuwa Mkatoliki. Lakini damu isiyo na hatia haikumwuliza dini. Tarehe 15 Novemba 1885 Balikuddembe akauawa huko Nakivubo. Leo soko la Owino, lililo karibu na mahali hapo, linaitwa kwa jina lake.

Baada ya hapo zikaja shule. Mapadre wa Mill Hill walifungua Namilyango mwaka 1902. Mapadre Weupe wakaanzisha shule ya Mtakatifu Maria mwaka 1906, inayojulikana zaidi kwa jina la Kisubi. Mwaka 1911 ilianza seminari ya Katigondo, na mwaka huo huo likatoka gazeti la Munno. Yosefu Kiwanuka wa Masaka alisoma hadi akapata shahada ya udaktari wa sheria za Kanisa huko Roma, na mwaka 1939 akawekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa daraja hiyo katika zama hizi. Mwaka 1993 ulifunguliwa Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, na maadili yakawa somo lake tangu mwanzo.

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Mwezi wa Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti, watu waliofundishwa Injili ile ile, walipigana kwa bunduki pale Mengo. Kusoma sana hakumfanyi mtu kuwa mwadilifu. Elimu isipoiamsha dhamiri huwa ni kunoa panga bila kuuliza litakata nini.

ASKARI ALIYEKUWA JAJI MKUU

Benedicto Kiwanuka, ambaye si yule askofu tuliyemtaja, aliingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akatumika hadi mwaka 1946. Baada ya vita alifanya kazi ya karani na mkalimani katika Mahakama Kuu. Hakuridhika kutafsiri maneno ya wengine. Alikwenda Basutoland, ambayo sasa ni Lesotho, akasoma katika chuo cha Kikatoliki cha Papa Pius wa Kumi na Mbili, kisha akasomea sheria London na kuwa wakili mwaka 1956. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, na mwaka 1971 Idi Amin alimteua kuwa Jaji Mkuu.

Septemba 1972 ililetwa mbele yake kesi ya Mwingereza mmoja aliyekamatwa na wanajeshi na kuzuiliwa bila mashtaka. Kiwanuka angeweza kutafuta udhuru. Badala yake aliamuru mtu huyo aachiliwe, akaeleza wazi kwamba jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia kwa namna hiyo. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtu aliyewahi kuvaa sare, aliyejua utii ni nini na mpaka wake uko wapi.

Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa serikali wenye silaha walimtoa ofisini mwake Mahakama Kuu, mchana kweupe. Hakuonekana tena akiwa hai, na familia yake haikupata hata mwili wa kuzika. Januari 1973 akauawa Padre Clement Kiggundu, mhariri wa Munno. Katika muda wa miezi minne, sheria na kalamu zilikuwa zimepigwa pigo moja.

FUNZO KWA WENYE SARE

Tukumbuke kwamba Kiwanuka hakujikamata mwenyewe. Walikuwako waliotoa amri, walioendesha gari, na waliosimama mlangoni wakitazama. Kila mmoja wao huenda alijiambia kwamba yeye ni mtumwa tu. Hapo ndipo swali letu la mwanzo linapouma.

Leo sheria za Uganda zimelijibu swali hilo kwa maandishi. Katiba ya mwaka 1995 inataka mtu anayeshukiwa kwa kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Inakataza mateso katika hali yoyote. Na kifungu cha 221 kinayawajibisha majeshi na polisi kuheshimu haki za binadamu wawapo kazini. Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2012 inasema kuwa amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetesa.

Lakini sheria haiingii usiku ndani ya chumba cha mahabusu. Anayeingia humo ni askari, na ufunguo uko mkononi mwake. Kwa hiyo elimu ya dhamiri isihesabiwe kuwa pambo la seminari na vyuo vikuu. Ina mahali pake kambini na kituoni, kama ilivyo elimu ya kulenga shabaha. Ofisa awazoeze vijana wake kuuliza kwa adabu kabla ya kutenda: amri hii imetoka kwa mwenye mamlaka? Yanufaisha watu wote, au yamfurahisha mtu mmoja? Je, naweza kuieleza mbele ya hakimu, na mbele ya Mungu wangu?

Askari anayeweza kujibu maswali hayo hapunguzi nidhamu ya kikosi chake. Yeye ndiye anayeifanya nidhamu hiyo istahili kuaminiwa na raia.