Mwingereza Akivuka Bahari: Sifa Yake Ulaya Ilitoka Wapi?

Machi 2023, jiji la Amsterdam lilifanya jambo ambalo miji inayoishi kwa utalii huliogopa: lilitangaza hadharani ni wageni gani haliwataki. Mwanamume wa miaka 18 hadi 35 aliye Uingereza, akitafuta mtandaoni hoteli ya bei nafuu Amsterdam au mahali pa kufanyia sherehe ya kuaga ukapera, alikuwa anakutana kwanza na video fupi. Kijana anapepesuka barabarani, polisi wanamkamata, anatiwa pingu, anachukuliwa alama za vidole, kisha mlango wa mahabusu unafungwa. Ujumbe haukuwa na mafumbo: kama nia yako ni kuja kulewa na kufanya fujo, baki kwenu. Jiji lilisema kampeni hiyo ingeweza kupanuliwa kwa wageni wa nchi nyingine, lakini walioanza kuambiwa ni Waingereza.

Waholanzi hawakuwa wamezua jambo jipya. Muulize mhudumu wa hoteli Mallorca, dereva wa teksi Prague au mwenye duka kisiwani Krete, na picha utakayochorewa haitofautiani sana: kundi la vijana wa kiume waliovalia fulana za namna moja, vifua wazi, ngozi nyekundu kwa jua, wanaimba saa tisa usiku chini ya madirisha ya watu wanaoamka alfajiri kwenda kazini. Picha hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini haikuzuka yenyewe. Ina historia, ina wafanyabiashara walioipalilia, na imewahi kuwaumiza watu wasio na hatia yoyote.

Zamani Mwingereza msafiri alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Karne ya 18 vijana wa makabaila walizungushwa Ufaransa na Italia miezi mingi ili waone sanaa na wajifunze adabu za ikulu. Karne ya 19 matajiri walikimbilia kusini kukwepa baridi, na mji wa Nice hadi leo una barabara ya ufukweni inayoitwa Promenade des Anglais, kwa sababu miaka ya 1820 Waingereza waliokuwa wakipumzika huko walichanga fedha ili wasio na kazi walipwe ujira wa kuijenga. Klabu ya wapanda milima ya Alps ilianzishwa London mwaka 1857. Wenyeji waliwaona Waingereza kuwa watu wa kujisikia, wanaodai chai kila mahali na kulalamikia chakula, lakini walikuwa wachache na mifuko yao ilikuwa mizito.

Kilichobadilisha mambo ni safari kuwafikia wafanyakazi. Thomas Cook, aliyeandaa safari yake ya kwanza ya treni Julai 1841 kutoka Leicester kwenda Loughborough, alikuwa Mkristo mpiga vita pombe, na abiria wake wapatao 500 walikuwa wakienda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Mwaka 1938 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya likizo yenye malipo. Mwaka 1950 Vladimir Raitz alikodi ndege kuwapeleka watalii kisiwani Corsica, akaunganisha tiketi, malazi na chakula katika bei moja. Hispania ya dikteta Franco, iliyokuwa na njaa ya fedha za kigeni, ikafungua fukwe zake, na Benidorm, kijiji cha wavuvi, kikageuka msitu wa maghorofa. Kwa mara ya kwanza kuli wa bandarini Liverpool au mwanamke wa kiwanda cha nguo Lancashire aliweza kuota jua la Mediterania. Hilo lilikuwa jambo jema, na linastahili kusemwa waziwazi, kwa sababu dharau nyingi zinazomwagwa juu ya watalii wa Kiingereza ni dharau za kitabaka. Tajiri akilewa kwenye boti yake hakuna anayemrekodi.

Idadi pekee ingetosha kuwafanya waonekane kuliko wengine. Mwaka 2024 Hispania ilipokea watalii wa nje karibu milioni 94, na kati yao zaidi ya milioni 18 walitoka Uingereza. Hakuna taifa lililoleta wengi zaidi.

Lakini wingi hauelezi pombe. Ili kuielewa, mtu lazima aingie kwanza kwenye baa ya Uingereza yenyewe. Tangu Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ilibana saa za kuuza vileo ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasifike kazini na usingizi, na kwa vizazi vilivyofuata baa nyingi zilifungwa saa tano usiku. Ikikaribia saa hiyo kengele inagongwa, na kila mtu anakimbilia kaunta kuagiza ya mwisho. Sheria ililegezwa Novemba 2005, ila mazoea ya kunywa haraka hayakuondoka nayo. Kuna pia desturi ya kununuliana kwa zamu: marafiki watano wakiketi pamoja, kila mmoja anapaswa kuwanunulia wote, kwa hiyo hata aliyetosheka na bia mbili anajikuta na tano. Na bia yenyewe ni paini, mililita 568. Kule Hispania, mwenyeji aliyeketi meza ya pili ana glasi ndogo isiyozidi nusu ya hiyo, na pembeni yake pana sahani ya zeituni au samaki. Anakunywa huku anakula. Mgeni anakunywa ili alewe.

Sasa mchukue Mwingereza huyo umpeleke Magaluf, kisiwani Mallorca, mtaa wa Punta Ballena. Kwao pombe kali hupimwa kwa kikombe cha chuma cha mililita 25 au 35, tone moja halizidi. Hapa mhudumu anainamisha chupa ya jini juu ya glasi iliyojaa barafu na kumimina kwa kukadiria tu, mara mbili au tatu ya kipimo alichokizoea mteja. Bei ni ndogo, jua lilimkausha mchana kutwa, na mlangoni amesimama kijana anayemvuta ndani kwa ofa ya glasi mbili kwa bei ya moja. Mara nyingi kijana huyo naye ni Mwingereza. Watu wakisema "Waingereza wameiharibu Magaluf" wasisahau kwamba kuna waliowauzia, na waliouza walikuwa wa pande zote mbili.

Matokeo yake hospitali ya Son Espases mjini Palma, kisiwani humo, inayajua. Madaktari wake walichunguza majeruhi 46 walioanguka kutoka kwenye roshani za hoteli kati ya 2010 na 2015: waliojaribu kuvuka kutoka roshani hadi roshani, au kuruka kutoka ghorofani wakilenga bwawa la kuogelea. Karibu wote walikuwa wanaume vijana, karibu wote walikuwa wamekunywa, na zaidi ya nusu walikuwa Waingereza. Kila kiangazi kuna familia Uingereza inayopigiwa simu ambayo hakuna mzazi anayestahili kuipokea.

Januari 2020 serikali ya visiwa vya Balearic, ambavyo Mallorca ni kimojawapo, ilichoka. Sheria yake mpya ilipiga marufuku ofa za vinywaji na misafara ya kutoka baa moja hadi nyingine, ikafunga maduka ya pombe usiku, na ikaweka faini inayoweza kufika euro 600,000 kwa makosa makubwa zaidi. Anayeruka roshani hufukuzwa hotelini papo hapo. Hata hoteli zinazojumuisha vyakula na vinywaji katika bei moja zilipangiwa kikomo: glasi sita za kileo kwa siku, tatu mchana na tatu jioni. Mwaka 2024 sheria ikaongezwa makali kwa kukataza kunywa pombe mitaani. Jambo ambalo magazeti ya Uingereza hayakulisisitiza ni maeneo yaliyotajwa. Magaluf na Sant Antoni kule Ibiza ni ngome za Waingereza, lakini Playa de Palma ni ngome ya Wajerumani, na vijana wao hulewa huko kwa bidii ileile. Sheria haikutaja taifa la mtu.

Mashariki mwa Ulaya wimbi lilifika baada ya 2004, nchi hizo zilipoingia Umoja wa Ulaya na ndege za bei nafuu zikaanza kutua. Prague, Krakow na Riga zikawa miji ya kuaga ukapera. Riga ndiko kidonda kilikoingia ndani zaidi, kwa sababu watalii kadhaa wa Kiingereza walikamatwa wakikojolea Mnara wa Uhuru. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1935 kuwaenzi waliokufa wakipigania uhuru wa Latvia, na chini ya utawala wa Kisovieti watu walithubutu kuweka maua hapo hadharani mwaka 1987 wakijua hatari yake. Kwa mlevi ni ukuta tu. Kwa mwenyeji ni kaburi la babu yake. Prague nayo, Oktoba 2024, iliamua kupiga marufuku misafara ya baa ya usiku inayoandaliwa na makampuni.

Wenye hoteli wana malalamiko mengine yasiyohusu ulevi. Kati ya 2013 na 2017 madai ya Waingereza kwamba chakula cha hoteli kiliwaumiza tumbo yaliongezeka, kwa hesabu ya chama cha mawakala wa safari Uingereza, kwa zaidi ya asilimia 500. Wajerumani waliokula kwenye meza zilezile hawakuwa wakidai. Mawakala wa fidia waliwaonyesha wateja njia ya kurudishiwa gharama za likizo yao, na mwenye hoteli ndiye aliyebeba mzigo. Mwaka 2017 mahakama ya Liverpool iliwafunga jela watu wawili waliodanganya kuhusu likizo zao Mallorca, na mwaka uliofuata serikali ikabana gharama za kesi hizo. Hapa hakuna kisingizio cha vijana wala cha bia, ulikuwa wizi.

Mpira nao una sura yake. Mei 29, 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus, ukuta ukaporomoka, na watu 39 wakafa, wengi wao Waitaliano. Klabu za England zilifungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano. Tangu hapo polisi wa nchi nyingi hujipanga kwa Mwingereza mwenye jezi kama wanavyojipanga kwa adui.

Ndivyo ilivyokuwa Paris, Mei 28, 2022, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kati ya Liverpool na Real Madrid. Maelfu waliokuwa na tiketi halali walibanwa kwenye njia nyembamba nje ya Stade de France, milango ikafungwa, na mabomu ya machozi yakapigwa kwa watu waliokuwemo watoto na walemavu. Walipotoka, wahuni wa mitaani waliwapora. Uwanjani tangazo lilisema mechi imechelewa kwa sababu mashabiki wamechelewa kufika, na waziri wa mambo ya ndani wa Ufaransa, Gérald Darmanin, akadai kwamba 30,000 hadi 40,000 walikuja na tiketi bandia au bila tiketi. Tiketi bandia zilizohesabiwa mlangoni hazikufika 3,000. Februari 2023 tume huru iliyoundwa na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilihitimisha kwamba UEFA yenyewe ndiyo iliyobeba lawama kuu, na kwamba mashabiki walitendewa kwa dhana kuwa ni wahuni. Miongoni mwao walikuwamo walionusurika maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, ambako pia waliwahi kusingiziwa. Hapo ndipo sifa ya jumla inapogeuka dhuluma: mtu anaadhibiwa kwa kosa la waliokuja kabla yake.

Miaka miwili baadaye, Juni 2024, Waskoti walifurika Ujerumani kwa mashindano ya Ulaya, wanaokadiriwa kufika 200,000, wakiwa na sketi zao za miraba na zumari. Walikunywa bia kwa wingi. Timu yao ilifungwa 5–1 na wenyeji siku ya ufunguzi. Hata hivyo Munich na Cologne ziliwapenda, wakacheza na watoto barabarani na kuimba na polisi. Pasipoti yao ni ileile ya Uingereza. Kwa hiyo tatizo si pombe peke yake. Ni kama mgeni anamwona mwenyeji kuwa mtu, au anamwona kuwa mtumishi wa starehe zake.

Wala sifa mbaya si ya kudumu katika kila kipimo. Kwenye utafiti wa kampuni ya Expedia wa mwaka 2009 uliowauliza wenye hoteli, Wajapani waliongoza kwa utalii mwema, Waingereza wakawa karibu na kilele, na mkiani wakawekwa Wafaransa. Mwenye hoteli anawakumbuka pia wazee wanaokaa Madeira au Benidorm majira ya baridi, wanaopanga foleni na kushukuru kwa kila sahani. Na wenyeji wanajua uzito wa wageni hao: kampuni ya Thomas Cook ilipofilisika Septemba 2019 na Waingereza zaidi ya 150,000 kukwama nje, wenye hoteli wa Hispania na Ugiriki walibaki wakidai fedha zao na vyumba vitupu.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walioko London, Reading, Leicester na Manchester husafiri leo kwa pasipoti hiyohiyo ya Uingereza, na sifa hii wanaikuta kwenye kaunta hata kama hawajawahi kuonja bia. Anayekwenda Magaluf au Sant Antoni aulize kabla ya kulipa kama hoteli yake iko ndani ya eneo la sheria ile ya pombe. Akumbuke pia kwamba tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, mwenye pasipoti hiyo pekee anaruhusiwa kukaa nchi za Schengen siku 90 tu katika kila siku 180, na kwamba kuanzia Oktoba 2025 mipaka ya nchi hizo ilianza kuchukua alama za vidole na picha za wageni wa aina yake.