Gari la Porini Wakati wa Kipupwe

Msimu wa uwindaji wa kitalii nchini Tanzania hufunguliwa tarehe 1 Julai na kufungwa 31 Desemba. Kwa gari linalotoka Kahama au Ushirombo kuelekea pori la Moyowosi, hiyo ina maana kwamba safari huanza katikati ya kipupwe na kumalizikia kwenye matope. Wengi hulitayarisha gari kwa ajili ya matope tu. Kwa maoni yangu hatari kubwa iko mwanzoni, kwa sababu baridi ya asubuhi humdanganya dereva akadhani injini yake haiwezi kuchemka.

Baridi yenyewe si ya kutisha. Ukanda huu uko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kinachotakiwa ni betri nzima na hita za injini zinazofanya kazi zote. Injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na tabo ambayo imebeba Land Cruiser nyingi za huku, ina silinda sita na kila silinda ina hita yake. Mbili zikifa, gari litaendelea kuwaka vizuri mchana mjini. Alfajiri kambini litazungushwa mpaka betri iishe. Mwambie fundi apime moja baada ya nyingine kabla ya safari. Ni kazi ya nusu saa.

Ikifika saa nne asubuhi, habari imegeuka. Nyasi za kipupwe zimekauka na kubeba mbegu, na gari likizikata, feni huzivuta zile mbegu mpaka kwenye mapezi ya rejeta. Ukiinama mbele ya gari huoni kitu, kwa kuwa tabaka nene hujikusanya katikati, kati ya kipozeo cha kiyoyozi na rejeta yenyewe. Lipo kama godoro. Funga wavu wa chuma wenye matundu madogo mbele ya grili, na kila mkisimama utingo aukung'ute. Ukisafisha rejeta, puliza upepo kutoka upande wa injini kuelekea nje. Ukipuliza kutoka mbele unazisukuma mbegu ndani zaidi, na maji ya nguvu yakipigwa karibu hukunja mapezi.

Nyasi hizo hizo huingia chini ya gari na kutulia juu ya bamba la kukinga giaboksi, sentimita chache tu kutoka kwenye bomba la eksozi. Hapo ndipo gari huanza kuungua huku abiria wakidhani ni harufu ya moto wa msituni. Mimi siruhusu gari liingie porini bila mtungi wa kuzimia moto ndani ya kebini, fimbo ya waya ya kukwangulia chini, na dumu la maji lisiloguswa kwa kunywa.

Mkonga wa kuvutia hewa ya injini watu huupenda kwa kuvuka mito, na Moyowosi mito ipo. Kipupwe faida yake ni nyingine: hewa huchukuliwa juu, ambako vumbi ni pungufu. Hata hivyo fungua fulta ya hewa kila jioni. Beba pia fulta mbili za dizeli, maana mafuta ya kwenye mapipa huja na maji na uchafu.

Turubai liwe la rangi ya udongo. Mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na rangi ya bluu na nyeusi huwavuta. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Viti vya juu kwenye bodi ni vya kuangalizia mbali na kufuatia nyayo. Kuwinda ukiwa ndani ya gari kumekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Mvua zikianza, kuelekea Novemba, gari litayarishwe upya. Wasukuma huzitofautisha ardhi zao kwa majina, na dereva mwenye busara huyajua: luseni, mchanga wa juu kwenye mteremko, hupitika hata baada ya mvua; mbuga, udongo mweusi wa bondeni, hunywa maji, huvimba na kushika tairi mpaka ekseli ikae chini. Zunguka, hata kama ni kilomita kumi. Ukinasa, punguza upepo wa tairi kwanza, kisha tumia winchi. Shida ni kwamba mbugani mara nyingi hakuna mti wa kufungia waya. Chimbeni shimo refu la kukaa tairi la akiba likiwa limesimama, lifungwe mnyororo katikati, lifukiwe na kushindiliwa, na mchimbe mfereji mwembamba wa mnyororo kuelekea garini ili mvuto uende chini-chini na usiling'oe. Tupa koti zito juu ya waya kabla ya kuuvuta, na kila mtu asimame mbali.