Leza: Mimi Nilitaka Kuvua Miwani, Mama Mkwe Alitaka Kuona

Naanza kwa kukiri, msomaji wangu. Pesa nilikuwa nazo, na nilikuwa nimeshazipangia kazi. Nilitaka kufanyiwa lasiki, ile operesheni ya leza ya kuagana na miwani. Nimevaa miwani tangu sekondari, jamani, nimechoka. Hata picha za harusi yangu naziona kama za mwalimu wa zamu. Baba watoto alikuwa amekubali, shingo upande.

Kisha tukaenda Mamboya.

Kama hupajui, ni Kilosa, kwenye milima ya Wakaguru, nyumbani kwa mume wangu. Tulimkuta Mama barazani, ungo mapajani, anachagua mchele kama siku zote. Usiku nikauma jiwe. Nikauma la pili. Watoto wakacheka, naye akacheka: "Macho ya uzee haya, mkamwana wangu." Asubuhi nikamwona anamimina chai pembeni ya kikombe, kisha anaifuta haraka kwa kanga kabla mtu hajaona. Hapo sikucheka.

Mama ana kisukari, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kuna mahali aliwahi kulalamikia macho, akauziwa miwani ya kusomea. Hakuna aliyemchungulia ndani ya jicho.

Na ndani ndiko kwenye mambo. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, unaitwa retina. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu vimishipa vya damu vinavyoulisha. Vingine vinavuja, vingine vinaziba. Retina ikikosa oksijeni, jicho linaotesha mishipa mipya, lakini hiyo ni dhaifu, inapasuka na kumwaga damu humo humo ndani. Ubaya wake, haiumi. Mtu anaweza kuwa anaona vizuri tu kumbe uharibifu umeshafika mbali.

Tulishuka naye hadi barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, tukapanda basi la Dar es Salaam. Daktari akamtia matone ya kupanua mboni, tukangoja, akachungulia. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika sana. La kushoto lingeweza kuokolewa kwa leza, ila tusichelewe.

Usiku ule chumbani hatukuongea. Mume wangu alijua bahasha yangu ilipo, nami nilijua kwamba anajua. Hakuomba. Mimi nikawa nasubiri niombwe, maana nilitaka ionekane kwamba nimetoa. Ndiyo, nilikuwa hivyo. Saa nane za usiku nikajiona mpuuzi, nikawasha taa: "Kesho tunampeleka. Pesa ipo." Akageukia ukutani. Yaliyofuata ni ya ndani, tuyaache.

Sasa leza yenyewe. Mama aliketi, kidevu kwenye kishikizo, jicho likatiwa dawa ya ganzi na kuwekewa lenzi. Kisha mwanga, pa, pa, pa. Kila mwako unaunguza kidoa kidogo pembezoni mwa retina, na jicho moja linaweza kupigwa vidoa zaidi ya elfu moja, mara nyingi kwa awamu. Kwa nini kuunguza? Sehemu ya pembeni inatolewa kafara ili oksijeni iliyopo iitoshe ile ya katikati, inayosoma na kutambua nyuso. Mishipa dhaifu nayo inanywea. Gharama yake ni kwamba kuona gizani na pembeni kunaweza kupungua kiasi.

Si majaribio haya. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza Marekani mwaka 1960, na mwaka uliofuata madaktari wa New York wakaitumia ndani ya jicho la mgonjwa. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba tiba hii aliyopewa Mama inapunguza hatari ya upotevu mkubwa wa kuona kwa nusu au zaidi. Siku hizi zipo pia sindano za dawa ndani ya jicho. Daktari ndiye anayeamua ipi, au zote mbili.

"Mbona naona vilevile?" Mama aliniuliza tukitoka. Swali zuri. Leza hii hairudishi kilichokwenda, inalinda kilichobaki. Ndiyo maana mwenye kisukari anapimwa retina kila mwaka, hata kama haoni tatizo. Mzazi wako alipimwa lini? Kupima presha na sukari hakutoshi, hakikisha retina imetazamwa. Huduma za kibingwa za macho zipo Muhimbili, CCBRT pale Msasani, na KCMC Moshi.

Na wewe unayetaka lasiki kama mimi, sikukatazi. Yenyewe haigusi retina, inachonga kioo cha mbele cha jicho. Subiri namba ya miwani itulie, usifanye ukiwa mjamzito, tegemea macho makavu kwa muda, na ujue ukivuka arobaini miwani ya kusomea inaweza kukurudia. Na shosti wa leza ya kuondoa nywele, uliza kwanza kama mashine inafaa ngozi nyeusi. Isiyofaa inaunguza na kuacha madoa.

Tumerudi Mamboya mara mbili tangu hapo. Mchele nauchagua mimi, miwani yangu puani. Mama anakaa upande wangu wa kulia, ili jicho la kushoto liwe karibu na ungo, na nikipitiwa na jiwe ananionyesha kwa kidole.